Daftari la Sungura

Saa kumi na mbili asubuhi nawasha taa ya bandani,
masikio ishirini na manne yanasimama.
Nimeleta matembele ya Mabatini, yangali na umande.
Huku juu Bugando ziwa linaonekana nusu tu,
nusu nyingine imezibwa na tangi la maji.

Kazi yangu si ya kisomi. Nafagia, nalisha, napima uzito,
naandika: namba, kilo, amekula, hajala.
Sindano anachoma Daktari Byabato mwenyewe,
dawa ileile inayotuliza pumu na viungo vya watu,
ila hapa kipimo ni cha kuua kimyakimya
kichwa cha fupa la paja,
pale linapoingia nyongani kama mchi kinuni.

Hadithini huyu ndiye mjanja, hakamatwi.
Hapa ananusa kiganja changu, anasubiri.

Juma la nne nikaitwa kwenye darubini.
"Tazama, Lugola. Vijumba vya seli. Wenyewe wamehama."
Nikatazama. Matundu meupe, safu kwa safu,
kama mtaa uliokimbiwa usiku, milango wazi.
Mfupa umekufa na bado umesimama.
Nikayakumbuka mawe yetu ya Mwanza,
jiwe juu ya jiwe tangu kabla ya babu,
na kila mgeni huuliza mbona hayaanguki.

Sikumwambia kwamba mtaa ule naujua.
Uko nyongani mwa Kwandu, mdogo wangu, upande wa kushoto.
Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Yake ilizidi uzito: chembe zilijikunja kama mundu,
zikakwama kwenye mshipa mwembamba kama uzi,
mfupa ukalala njaa bila kupiga kelele.
Kelele zilikuja baadaye.
Sasa ana miaka kumi na tisa
na ngazi za Igogo anazishuka ameketi,
daraja moja, pumzi, daraja moja.

Kuna jambo linamkera Daktari.
Mfupa wa sungura unakufa, lakini haubonyei.
Ana miguu minne, uzito anaugawa,
hapandi mlima na ndoo kichwani,
na kabla kichwa hakijapondeka
mwili umeshaanza kukijenga upya.
"Anatuonyesha mwanzo," anasema, "mwisho anauficha."
Nikacheka peke yangu. Kumbe mjanja bado.

Amesoma habari za ndege wa mbali, binamu wa mbuni,
mrefu, wa miguu miwili, nyonga yake huporomoka kama yetu.
Alimchorea banda nyuma ya bahasha,
na mlango wa kuinama yeye, si ndege.
Bajeti imerudi imekatwa kwa kalamu nyekundu.

Jana ilikuwa zamu ya Namba Tisa.
Daftarini hatuliandiki neno lile. Tunaandika: amehitimisha.
Nilimshika mimi,
moyo ukidunda kiganjani kama cherehani,
mpaka cherehani ikaishiwa uzi.
Namba ya wino sikioni niliisugua kwa spiriti.
Haikutoka.

Jioni nikamkuta Kwandu katikati ya ngazi,
ndoo pembeni, nusu imemwagika,
maji yanamtangulia kwenda chini.
"Leo wangapi?"
"Mmoja."
"Alikuwa anachechemea?"
Nikasema hapana. Hakuchechemea hata siku moja.
Akatazama mabati, moshi wa mapanki,
kipande cha ziwa kati ya nyumba mbili.
Akatazama kwa muda.
"Basi hakunijua," akasema.
Kisha akanyoosha mkono, akapokea matembele yaliyobaki,
nami nikajitwisha ndoo.